Mbwa Niliyemnunua kwa Kitanda

Kwa miaka saba niliamini, kwa moyo wote na kwa diploma yote, kwamba mbwa mwenye macho manne anaweza kumvua mpiganaji dawa yake. Macho manne ni haya: yale mawili anayozaliwa nayo kila mbwa, na juu ya kila jicho doa la njano, kana kwamba mtu alimgusa kwa kidole chenye mawese. Wakati ule wapiganaji wengi wa milima yetu walikuwa wakioga maji ya dawa kabla ya kwenda vitani, ili risasi zikiwafikia ziwe maji tu. Dawa ile ilikuwa na masharti marefu kama sheria za serikali: usile hiki, usiguse kile, usipeane mkono na mtu ambaye hajaogeshwa. Hayo kila mtu wa Uvira, mji wetu, aliyajua. Lakini sharti la mbwa mimi nililipata kwenye masomo ya jioni, katikati ya somo la fizikia, kwa mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa na umri wa kumzaa mwalimu na kumtahiri. Alisema mbwa wa namna hiyo akimtazama mpiganaji usoni, dawa inachujuka mwilini hapo hapo kama rangi ya kitenge cha hovyo. Ndiyo maana, alisema, kule Lubarika wapiganaji saba walifika kwenye ua wa mkulima mmoja, wakamkuta mbwa wa macho manne amelala kizingitini, wakarudi kinyumenyume mpaka kwenye mihogo.

Nilipowasimulia watu wa nyumbani jioni ile, wapiganaji walikuwa kumi na saba. Juma lililofuata, nilipowasimulia mafundi wenzangu, walikuwa kikosi kizima na kamanda wao alilia.

Sitaki kusema nilikuwa mjinga. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka haulizi kiti kilichopo mbele yake kimetengenezwa na nani. Ilikuwa vita ya pili, na katika ile ya kwanza tulikuwa tumekwisha kukimbia mara nyingi hata masufuria yetu yalijua njia. Mlio ukisikika upande wa milima, watu walielekea ziwani. Ukisikika upande wa ziwa, walielekea milimani. Ukisikika pande zote mbili, walikaa chini wakala kile kilichokuwa kimeiva. Mji wetu ni mwembamba, umebanwa kati ya mlima na maji. Huwezi kukimbia ukazunguka. Unakimbia kwa urefu tu, kama mtu aliye ndani ya bomba.

Na mimi nilikuwa na mama yangu.

Mama aliangukia mtaroni wakati wa mbio za kwanza kabisa, kwenye barabara ya kwenda mpakani, umati ukampita juu. Nyonga yake haikurudi mahali pake. Tangu siku hiyo alitembea kwa kusukuma kiti, kiti nilichomtengenezea mwenyewe, kizito chini ili kisipinduke: anakisukuma hatua moja, anakifuata, anapumzika. Kutoka kitandani mpaka mlangoni ilikuwa safari. Kutoka mlangoni mpaka choo cha uani ilikuwa safari ya kuagana na watu. Mbio zilizofuata nilimbeba mgongoni. Nimewahi kuwaambia watu kwamba nilimbeba kilomita arobaini. Ukweli ni umbali ambao mwanafunzi wa shule ya msingi anautembea asubuhi na kuurudia mchana, ila mimi nilikuwa na mama mgongoni, na jua, na watu wakinikanyaga visigino. Tuliporudi, baada ya majuma mawili ya kulala chini ya turubai upande wa Burundi, alikaa kitandani mwake akashika mbao zake kwa mikono miwili.

"Papa," aliniambia, maana huku kwetu mama humwita mwanawe hivyo, "mara nyingine uniache. Minye sina tena nguvu ya kubebwa."

Sikujua kwamba kubebwa nako kunataka nguvu. Lakini nilimwona usoni, nikajua hasemi kwa kujidekeza. Kwa hiyo swali la nyumba yetu likawa hilo moja, tukilala nalo na kuamka nalo: vita ikirudi, tumpeleke mama kabla, au tubaki naye ndani, na tukibaki, nani atatulinda.

Mke wangu alikuwa na jibu lake. Shangazi yake aliishi upande wa pili wa mpaka, alikuwa na chumba kimoja kisicho na mtu. Alitaka tumpeleke mama taratibu, siku ya utulivu, kwa baiskeli yenye kiti cha nyuma, akae huko mpaka dunia itulie. "Tumupeleke sasa, barabara ingali wazi," alisema. "Siku ile ya kukimbia hatutapata baiskeli, hatutapata na barabara." Lilikuwa jibu zuri na halikuwa na kasoro isipokuwa moja, kwamba mama hakulipenda. Alisema hakujenga nyumba ile na baba yangu, tofali kwa tofali, ili aje kufia kwa shangazi ya watu.

Mimi ni fundi seremala. Kama kuna mtu aliyepaswa kujua mambo ya kulinda nyumba, ni mimi, na kweli nilijua moja ambalo halikuandikwa mahali popote. Kabla ya vita watu walinijia wakitaka milango ya mbao nzito za libuyu, iliyochongwa maua, inayong'aa hata ukajinyolea ndevu mbele yake. Vita ilipoingia, walianza kunijia kwa sauti ya chini. "Fundi, nitengenezee mlango mubaya." Nami nikawa bingwa wa milango mibaya. Nilichukua mbao imara nikazipaka matope na moshi, nikaacha nyufa za uongo, nikapigilia kipande cha bati chenye kutu pale pasipohitaji kitu. Mlango ulikuwa na nguvu ya kusimamisha tembo, lakini ukiutazama unaona huruma, unataka kumwachia mwenye nyumba sadaka. Nilikuwa nikiwaambia wateja: mlango mzuri ndio unaomwambia mwenye bunduki apige teke hapa. Nililisema hilo nikiwa na randa mkononi labda mara mia mbili. Halafu nikaenda kununua mbwa.

Nilimnunua kwa kufuata elimu. Mwalimu wetu wa jioni alitufundisha kwamba jambo lolote zito linaandikwa kwa sehemu tatu: tezi, yaani upande wa kwanza, antitezi, yaani upande unaoupinga, na sintezi, pale unapoamua. Niliketi karakanani na daftari. Katika tezi niliandika kwamba mbwa halali usingizi, hachoki, hana siasa, hawezi kununuliwa kwa sigara kama yule mlinzi wa ghala la jirani, na kwamba mbwa wa macho manne huvunja dawa ya mpiganaji, jambo lililothibitishwa Lubarika. Katika antitezi niliandika kwamba mbwa anataka kula, kwamba mama hapendi mbwa, na kwamba huku kwetu mtu mwenye mbwa ndani ya ua huonekana mwindaji au mchawi. Sintezi niliiandika kwa herufi kubwa nikaipigia mstari: mbwa anunuliwe. Nilimsomea mke wangu kurasa zote nne.

Aliendelea kupepeta mchele. "Na mama anaandikwa ukurasa gani?" aliuliza.

Nikamwambia kwamba mama ndiye sababu ya kurasa zote. Akasema ndiyo hiyo alikuwa anauliza.

Mbwa nilimpata huko Sange, siku ya soko, kwa mkulima mmoja aliyekuwa na watoto wa mbwa ndani ya kikapu cha mpunga. Wanne hawakuwa na kitu usoni. Wa tano alikuwa na madoa mawili ya njano juu ya macho, safi kama yamechorwa. Mkulima hakutaka noti. Noti za wakati ule zilibadilika sura kila alipobadilika mwenye bunduki. Alitaka kitanda. Basi nilitengeneza kitanda cha watu wawili, chenye kichwa cha kuegemea, nikakipeleka kwa mkokoteni wa baiskeli njia nzima ya bonde, nikarudi na mnyama anayeenea ndani ya kofia. Njiani watu waliniuliza nimepeleka nini Sange. Nilisema nimepeleka kitanda nikaleta usingizi. Niliona nimesema neno kubwa sana.

Mama alimtazama yule mtoto wa mbwa kwa muda mrefu.

"Weye unasomaka mpaka usiku," alisema, "kumbe ni mambo ya mbwa wanakufundisha."

"Mama, hii si mbwa ya kawaida. Iko na macho mane."

"Minye niko na macho mawili na inanitosha kuona kama anajisaidia mu nyumba yangu."

Alikataa apewe jina. Alisema kitu ukikipa jina kitakuhuzunisha, na yeye huzuni alikuwa nazo za kutosha kugawia wilaya. Kwa hiyo mbwa hakuitwa kitu. Tulimwita kwa ulimi, kwa kugonga sahani.

Na sahani aliijua. Alikua kwa kasi ambayo bado siielewi. Nilipokuwa nikiwasimulia watu nilisema unaweza kumsikia akikua. Tulimpa vichwa vya ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na ukoko wa bugali, na maji ya sombe, yale majani ya mihogo. Vichwa vilipopungua nilimpa ndagala wazima kutoka sahani yangu. Mlinzi lazima ale. Katika mtaa ambao watoto walianza kuwa na nywele nyekundu za njaa, mbwa wetu alikuwa na manyoya yanayoteleza kama viatu vya padri, na shingo nene, na sauti. Sauti ile ilitoka kisimani. Akibweka, mabati yalijibu. Jirani yetu muuza ndagala, mjane mwenye ulimi mrefu, alisema akizaliwa tena anaomba azaliwe mbwa kwa fundi.

"Hii mbwa yako inakulaka kuliko mukwe wangu," mama aliniambia. "Tena mukwe anafua nguo."

Lakini baada ya mwaka nilianza kuona mbwa amelala karibu na kile kiti cha kusukuma, na mkono wa mama ukining'inia pembeni, vidole vyake katikati ya masikio ya mbwa. Nikiingia, aliuondoa. Nikitoka, aliurudisha. Nikafurahi. Niliona tezi yangu imeshinda hata kwake.

Vita ilirudi kwetu msimu wa kiangazi. Siku mbili mizinga ilisikika juu ya milima, mbali, kama mtu anayehamisha makabati katika nyumba ya ghorofa. Siku ya tatu asubuhi mtaa ulianza kutoka. Hakukuwa na kelele. Watu walikuwa wamekimbia mara nyingi mno hata hawakupiga tena kelele. Walifunga magodoro kama watu wanaofunga duka. Yule mjane muuza ndagala alipita akaniachia ufunguo wake. Mlango wake nilimtengenezea mimi, ule mbaya.

Mke wangu alikuwa amefunga watoto na nguo. Akanishika mkono akanitoa nje ya mlango.

"Nimepata baiskeli moja," alisema. "Mwenyewe anangoja kwenye daraja. Kiti cha nyuma iko. Mama anaketi, weye unamushikilia, minye natembea na watoto. Jioni tuko kwa shangazi."

Nilimwambia kwamba mama hatataka.

"Mama atataka kama weye unataka. Umuulize vizuri."

Sasa hapa ndipo ninapopaswa kusema ukweli bila kuongeza chumvi, na si kazi ninayoiweza sana. Sikumuuliza vizuri. Niliingia, nikamkuta ameketi kitandani, mbwa miguuni pake, na badala ya kusema "mama, twende," nilisema, "Mama, wengine wanaenda, lakini sisi tuko na mbwa." Nilikuwa nimechoka. Mgongo wangu ulikumbuka safari ile nyingine. Nilikuwa na kitu kinachoniruhusu kubaki, kitu chenye macho manne, nilichokilisha kwa miaka miwili kutoka sahani yangu. Mama alinitazama.

"Ni weye ulisoma," alisema. "Kama weye unasema inatosha, inatosha."

Nilitoka nikamwambia mke wangu mama anabaki, nami ninabaki naye.

"Kwa sababu ya mbwa," alisema.

"Kwa sababu ya mbwa."

Alimpandisha mdogo mgongoni, akakaza kitenge, akamshika mkubwa. Alipofika kwenye kona hakugeuka. Baadaye nilisikia yule mwenye baiskeli alimngoja mama nusu saa pale darajani, halafu akampakia mtu mwingine.

Siku ile ilipita. Na ya pili. Sijawahi kusikia ukimya wa namna ile. Unaweza kumsikia nzi akibadilisha mawazo. Hakuna mchi, hakuna redio, hakuna mtoto anayelia. Kitu pekee chenye sauti katika mtaa wote kilikuwa mbwa wetu. Alibwekea mlango wa jirani uliokuwa ukigongwa na upepo wa ziwa. Alibwekea kunguru. Alibweka kwa kifua chote, na kila alipobweka mimi niliketi wima zaidi, kama mtu anayesikia jina la familia yake likisomwa kanisani. Nilipika bugali saa nne asubuhi, nikagawa mafungu matatu.

"Anawaambia hapa iko watu," mama alisema.

"Ndiyo, mama. Wajue hapa kuna mwenyewe."

Siku ya tatu, jua likiwa limepanda vizuri, walikuja. Walikuwa sita. Nimesema thelathini mara nyingi sana hata mke wangu ameanza kukubali thelathini, lakini walikuwa sita, wamekonda, wawili hawana viatu. Niliwaona kupitia ufa wa dirisha wakishuka kwenye kinjia kitokacho mlimani. Walipita nyumba ya kwanza bila kuitazama. Wakapita ya mjane. Wakapita ile yenye bati jipya. Hawakusukuma mlango hata mmoja. Walikuja moja kwa moja mpaka uani kwetu, kama watu walioalikwa.

Mbwa alisimama mbele ya mlango. Aliwatazama mmoja mmoja usoni, kwa macho yote manne. Nilingoja dawa iwatoke, nikawa nawatazama ngozi kama nitaona kitu kinateremka. Yule wa mbele, mwenye shanga mkononi, alipiga ulimi taratibu, akachuchumaa, akamnyooshea kiganja. Mbwa alinusa. Halafu alitikisa mkia, na yule mtu akamkuna nyuma ya sikio, pale pale ambapo mama alikuwa akimkuna.

"Umelishwa vizuri, weye," alimwambia mbwa.

Waliingia wakauliza chakula kiko wapi, nikawaonyesha. Walichukua unga, nusu gunia, mfuko wa ndagala wakavu, mihogo, sabuni, blanketi la mama kutoka miguuni pake. Hawakumpiga mtu. Halafu wakanitwika mimi mzigo kichwani. Nikasema, wakubwa, mama yangu hatembei, hakuna mtu mtaa mzima. Yule mwenye shanga alisema hawaendi mbali. Nilitaka kumsogezea mama bidoni la maji, lakini mwingine alikwisha kunisukuma mlangoni kwa mtutu.

"Nenda, papa," mama alisema. "Usiwakasirishe."

Tulipanda. Mbwa naye alikuja. Ndagala walikuwa kichwani kwangu, yeye alifuata harufu ya ndagala, na nilipogeuka kumfukuza arudi kwa mama alinitazama kwa mapenzi tu. Nilimrushia jiwe. Alidhani tunacheza. Tulipita mashamba ya mihogo, tukapita mwisho wa mihogo, tukafuata vinjia vya wachungaji mpaka ziwa likawa dogo huko chini kama sahani iliyosahauliwa nje. Nililala njiani usiku wa kwanza na wa pili. Siku ya tatu walinitua mzigo, wakaniambia nishuke. Yule mbwa walibaki naye wao. Yeye mwenyewe hakuonyesha kuwa na neno la kupinga.

Nilishuka kwa mbio mpaka nyumbani. Mama alikuwa sakafuni, katikati ya kitanda na bidoni la maji, kile kiti kimeanguka ubavu. Kiti nilichosema hakipinduki. Alikuwa amefika kwenye bidoni kwa kujiburuta, akalifungua, akalimwaga nusu katika kuliinamisha, akanywa kilichobaki kwa kiganja. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Alinifungulia jicho moja.

"Umerudi," alisema. Halafu akauliza, "Na mbwa?"

Tangu siku hiyo hakusimama tena. Mke wangu alirudi baada ya mwezi, akanipokea kazi yote ya kumgeuza na kumwosha, na hata siku moja hakutaja baiskeli. Ningependa angeitaja. Ningekuwa na kitu cha kujibu. Mama alikwenda msimu wa mvua ulipoanza, asubuhi, akiwa ameshika mbao za kitanda chake, na kwenye matanga watu walipokaa kimya sana nilianza kuwasimulia habari za mbwa. Nilisema walikuwa thelathini. Nilisema mbwa aliwatazama, nao wakalegea, bunduki zikawashinda uzito, ndiyo maana hawakutupiga risasi. Walichukua unga kwa aibu tu, kisha wakamteka mbwa mwenyewe ili asiendelee kuwamaliza wenzao. Nilisema bila yule mbwa tungechinjwa sote wawili siku ile. Watu walicheka, hata wazee. Mke wangu alikuwa anagawa chai. Alipofika kwangu alijaza kikombe mpaka kikamwagika kwenye sahani, akaenda kwa mwingine.

Niliisimulia miaka yote iliyofuata. Niliisimulia karakanani, harusini, kwenye foleni ya maji. Kila mara nilipofika mahali pa kusema "bila mbwa," kifua kilipata nafasi kidogo. Mama alikuwa ameishi miezi mitatu zaidi, na ni mbwa aliyempa.

Vita ilipopoa na vijana wa milimani walipoanza kushuka kurudisha bunduki, mmoja wao alikuja karakanani kwangu kuagiza mlango. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, mpole, anataka kuoa. Hakuwa mmoja wa wale sita; alipigania upande mwingine wa milima. Alitaka mlango mzuri, wa maua. Nilifurahi, nilikuwa sijachonga ua kwa miaka mingi, na mikono ikifurahi mdomo nao hufuata. Nilimsimulia hadithi yote, tangu kitanda mpaka mbwa kutekwa. Aliketi juu ya mbao akasikiliza bila kucheka. Nilipomaliza nikamwomba, yeye kama mtu aliyekuwa ndani, anithibitishie lile sharti, maana daima kuna mtu mmoja kwenye foleni anayebisha.

"Muzee fundi," alisema, "hiyo sharti haikukuwako. Minye niliogeshwa mara tatu. Masharti yote ninayajua, naweza kukuhesabia. Mbwa haikuwemo."

"Labda upande wenu. Wale wa upande huu..."

"Dawa ilikuwa moja."

Niliendelea kusukuma randa. Nikasema kwamba hata hivyo hawakutupiga risasi, na lazima iwe kuna sababu.

"Hawakupiga kwa sababu walikuja kutafuta chakula, na uliwapa." Aliokota kipande cha mbao kilichojikunja, akakikunjua kidoleni. "Wakati ule mama alikuwa angali ndani?"

"Alikuwa ndani."

Alikiacha kile kipande kijikunje tena. Nadhani alikuwa anaamua kama aniachie hadithi yangu au asiniachie.

"Sasa niambie, nyumba ngapi walizipita kabla ya kufika kwako?"

Nikasema walizipita zote.

"Ndiyo. Kartie, mutaa muzima, ikishakimbia, huwezi kupiga teke kila mulango, utachoka bure, hata risasi itakukuta mu kazi hiyo. Sisi tulikuwa tunakaa juu, tunanyamaza, tunasikiliza. Kuku inajitafutia. Mbuzi inajitafutia. Lakini mbwa yenye kubweka na nguvu siku ya tatu, pale iko muntu anaipikia, na yule muntu iko na akiba. Tulikuwa tunafuata mbwa, muzee. Nyumba yako wangeipita."